Walioko ughaibuni: haki yao ya kusema na amana zao mikononi mwetu

Sifa njema zote zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni tabu leo kuipata familia ya Mji Mkongwe, au hata ya Makunduchi na Nungwi, ambayo haina mtu wake nje ya nchi. Yuko mjomba aliyehamia Maskati tangu miaka ya sitini. Yuko kaka aliyeko London, yuko binti anayefanya kazi za ndani Salala, na yuko kijana anayesoma Uturuki au Malaysia. Watu hawa hatuwaoni barazani, lakini sauti zao tunazisikia kila siku na fedha zao tunazitumia kila mwezi.

La kusikitisha ni kwamba tunawataja kwa namna mbili zinazopingana. Fedha zao zinapofika, wao ni watoto wetu na damu yetu. Wanaposema neno juu ya uchaguzi, juu ya bei ya mchele au juu ya ardhi anayopewa mwekezaji, mara wanageuka kuwa wageni. Pale Jaws Corner na katika baraza nyengine za mji utasikia mtu akisema: "Huyo alikimbia, sasa anyamaze." Na upande wa pili nao una yake. Wako walioko nje wanaotuona sisi tuliobaki kuwa ni waoga tuliouza heshima yetu kwa kibaba cha unga, na wanatuhimiza tufanye mambo ambayo wao, kwa kuwa wako mbali, hayatawagusa.

Makala hii inakusudia kusema mambo mawili. La kwanza, aliye ughaibuni anayo haki ya kusema juu ya kwao, lakini haki hiyo ina masharti yake. La pili, mara nyingi ugomvi wetu unaovaa nguo za siasa, ukiuvua nguo hizo, unakuta ndani yake mna amana iliyopotea: nyumba, kiwanja, fungu la mirathi, au fedha za matibabu ya mzee zilizotumika kwengine.

Waliondokaje?

Kabla ya kumhukumu mtu kwa kuondoka, ni wajibu wetu tujue aliondokaje. Wazanzibari hawakutoka kwa safari moja wala kwa sababu moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 waliondoka wengi, kwa khofu au kwa kupoteza mali na kazi, wakaelekea Bara, Kenya, nchi za Ghuba na Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman Julai 1970, aliwaita wenye asili ya nchi ile warudi wakaijenge, na waliosoma katika skuli za Unguja na Pemba wakapata kazi katika wizara, mahospitali na kampuni za huko. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kutembea katika mitaa ya Maskati ukafanya shughuli zako kwa Kiswahili.

Kisha yakaja ya Januari 26 na 27 mwaka 2001. Maandamano yaliyofuatia uchaguzi wa Oktoba 2000 yalikabiliwa kwa risasi, makumi ya watu wakauawa, wengi wao Pemba, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, Kenya. Wengi walirudi baada ya Muafaka wa Oktoba 2001, na wengine hawakurudi.

Na liko kundi la nne, ambalo pengine sasa ndilo linalokua zaidi: wanaoondoka si kwa sababu ya bunduki bali kwa sababu ya kazi. Ni vijana wenye vyeti visivyopata ajira, na ni mabinti wanaokwenda Ghuba kupika na kulea watoto wa watu.

Basi mtu akisema "alikimbia", na amuulize kwanza: alikimbia nini? Aliyekimbia kifo hakutenda kosa. Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa aya ya 97, inawalaumu waliokuwa wakionewa wakabaki katika dhulma hali ya kuwa ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana na wangeweza kuhama. Na aliyekwenda kutafuta riziki ya halali naye hakutoroka. Wahenga wetu, watu wa bahari, wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Haki ya kusema na masharti yake

Mtu haachi kuwa na uchungu na kwao kwa sababu amepanda ndege. Mtume (S.A.W.) alipotolewa Makka aliueleza mji ule kuwa ndio anaoupenda zaidi, na kwamba lau si watu wake kumtoa asingetoka. Ikiwa mbora wa viumbe aliusemea mji wake kwa mapenzi akiwa anaupa mgongo, vipi tutamkataza Mzanzibari wa Toronto asiulizie hali ya hospitali anayotibiwa mama yake? Anayelipa ada ya skuli ya mpwa wake anayo haki ya kuuliza kwa nini skuli haina madawati.

Lakini masharti yapo. Sharti la kwanza ni kuhakikisha habari. Wanazuoni wa sira wanatueleza kwamba kundi la kwanza la Waislamu lilihamia Habasha katika mwaka wa tano wa Utume. Hawakukaa miezi mingi, zikawafikia habari kwamba Makureshi wamesilimu. Baadhi yao wakafunga safari ya kurudi. Walipokaribia Makka wakabaini kwamba habari zile ni za uongo na kwamba mateso yako pale pale. Wako walioingia mjini kwa kujificha au kwa kuomba ulinzi wa mtu, na wako waliorejea walikotoka.

Tuangalie sasa upande wa pili wa historia hiyo hiyo. Baadaye, wakiwa bado Habasha, mfalme Najashi aliyewahifadhi alipambana na mtu aliyetaka kumpokonya ufalme. Waislamu wakawa na wasiwasi mkubwa, kwani hawakujua kama mtawala mpya atawafanyia uadilifu. Hawakukaa wakabuni habari. Zubeir bin Awwam, aliyekuwa kijana, alijazishiwa upepo kiriba, akakitumia kuvukia mto Nile hadi upande wa vita, akasubiri, akashuhudia kwa macho yake, kisha akarudi na habari ya kweli kwamba Najashi ameshinda.

Katika mfano huo mna mafunzo kwa walioko nje na kwa walioko ndani. Siku hizi habari inafika London kabla haijafika Darajani. Mtu anaamka anakuta sauti iliyorekodiwa na asiyemjua, inasema kwamba mtaa fulani umezingirwa na watu fulani wamekamatwa, naye kwa uchungu anaisambaza kwa mamia. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuichunguze habari ya mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri hii haimsamehe mtu kwa sababu yuko mbali. Kwa hakika aliye mbali anaihitaji zaidi, kwani hana njia ya kutoka nje ya mlango akaangalia. Na sisi tulioko hapa ndio akina Zubeir wao. Tukiulizwa "hali ikoje", tuseme tulichokiona, si tulichokisikia kwa jirani.

Nao wenye madaraka wana fungu lao katika jambo hili. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, walioko nje walikaa siku kadhaa bila ya kujua jamaa zao wako katika hali gani. Ukimya wa namna hiyo hauzuii uvumi. Bali huulisha, kwa sababu mwenye khofu akikosa habari ya kweli huchukua yoyote atakayoipata.

Sharti la pili ni kwamba mtu asimwite mwenzake kwenye hatari ambayo yeye mwenyewe hatakuwamo. Wazee wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi naongeza kwamba humchokoza, kisha anayeumwa ni aliye karibu naye. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa Oktoba 28 mwaka huo, na ukarudiwa Machi 20, 2016, uchungu ulikuwa mkubwa ndani na nje. Kusema kwamba haki haikutendeka ni maoni, na mtu ana haki ya maoni yake. Ama kumwambia kijana wa Mtoni au wa Wete atoke akapambane, na wewe uko kwenye nchi ambayo polisi wake hawatakugusa, hilo ni jambo jengine. Damu ya kijana huyo ina mzazi wake, na mzazi huyo ndiye atakayeamka usiku kuitafuta maiti.

Na tukumbuke kwamba hatua kubwa iliyopigwa katika siasa zetu haikuletwa na maneno makali. Ilikuja pale Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Novemba 2009. Baada yake wananchi wakapiga kura ya maoni Julai 31, 2010, na takriban theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hayo yaliyofuata tunayajua, na si yote yaliyokwenda sawa. Lakini kwa muda watu walizikana na kuozeshana bila ya kuulizana vyama, na hilo si jambo dogo.

Nyumba, hati na uraia

Tuje sasa kwenye lile lililo karibu zaidi na maisha ya kila siku. Siasa inayomuumiza sana Mzanzibari wa nje si ya majukwaani, ni ya karatasi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyengine huupoteza wa Tanzania. Jirani zetu wamefuata njia tafauti: Uganda iliruhusu uraia wa nchi mbili mwaka 2009, na Kenya kwa Katiba yake ya 2010, na Wakenya wa nje wakaanza kupiga kura ya rais mwaka 2013. Kwetu, Serikali ya Muungano imeelekea kwenye hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania badala ya uraia pacha. Lakini ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, Namba 12 ya mwaka 1992, ambayo haki ya kumiliki matumizi ya ardhi imempa Mzanzibari.

Matokeo yake ni nini? Mtu aliyezaliwa Kiponda, babu yake amezikwa hapa, akishika pasi ya Uingereza ili watoto wake wapate masomo, anajikuta hawezi kuandikiwa kiwanja kwa jina lake. Wakati huo huo, mwekezaji asiye na asili ya hapa anakodishiwa ufukwe kwa miaka mingi. Sisemi kwamba mwekezaji afukuzwe. Nasema kwamba mtoto wa nyumba asiwe nyuma ya mgeni katika nyumba ya baba yake, na wenye kutunga sheria walitazame hilo kwa jicho la uadilifu.

Mpaka hapo litakapotatuka, watu wanafanya nini? Wanatuma fedha, na nyumba inaandikwa jina la kaka. Hapa ndipo fitina inapozaliwa. Kesi za namna hii wanaoendesha mirathi tunaletewa mara kwa mara, na sura yake ni ile ile. Mtu ametuma fedha miaka kumi na tano, nyumba ya ghorofa imesimama Fuoni au Chukwani, hati ina jina la ndugu. Ndugu anafariki. Mjane na watoto, ambao hawajui lolote, wanaona nyumba ni ya baba yao. Wa nje anapiga simu akilia kwamba nyumba ni yake, na hana hata risiti moja. Ndugu wa damu wanafikishana kwa Kadhi, kisha hawazikani. Wahenga walishasema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Suratul Baqarah aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshughulika na jambo hili la kuandikiana na kushuhudishiana. Tunaisoma katika khitma, kisha tukiambiwa tuandikiane na ndugu tunaona tumetukanwa. Anayedai maandishi hakumtukana nduguye. Amemlinda na shetani, na amewalinda watoto wake na kula cha haramu bila ya kujua.

Kwa hiyo, aliyeshika mali ya nduguye kwa jina lake, leo kabla ya kesho aandike ikrari mbele ya mashahidi kwamba mali hiyo ni amana na mwenyewe ni fulani. Mtu akifa, madeni na amana hutolewa kwanza, kisha ndiyo warithi wagawane kilichobaki. Na wanaotuma wasione haya kuuliza. Fedha za ujenzi zipelekwe kwa hatua: msingi ukaguliwe ndipo zitumwe za matofali, na matofali yasimame ndipo zitumwe za bati. Wamuone pia mwanasheria, ili wajue sheria inaruhusu nini kabla ya kumwaga saruji na si baada yake.

Nasi tulioshika fedha za watu tuikumbuke Suratun Nisaa aya ya 58, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Yule anayetuma hakuziokota barabarani. Ziko nyumba ambazo kijana wetu huko anafanya kazi usiku kwenye ghala, mchana anaendesha gari, analala saa nne, ili hapa nyumbani tuchinje mbuzi wa harusi na tuseme "huyo ana fedha".

Mirathi nayo ni hivyo hivyo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za warithi waliotawanyika katika nchi tatu au nne. Aliye mbali hapungukiwi na fungu lake hata kidogo kwa kuwa hayupo, na dada aliyeko Dubai anarithi kama aliyeko Malindi. Kuuza nyumba bila ya idhini yake, kwa kisingizio kwamba "yeye ameshapata maisha", ni kula mali ya mtu kwa batili. Ipo Ofisi ya Kadhi, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusimamia mirathi. Twende huko mapema, kabla dalali hajafika.

Maswali yanayoulizwa sana

Yako masuala matatu ambayo ndugu zetu wa nje huyauliza mara nyingi, nami nitayajibu kwa ufupi.

Kwanza, je, fedha anazomtumia mama kila mwezi zahesabika kuwa ni zaka? La. Mzazi asiyejiweza kumtunza ni wajibu wa mtoto, na zaka haimwendei mtu ambaye matumizi yake ni juu yako. Ama ndugu, shangazi au mpwa aliye fakiri ambaye si wajibu wako kumlisha, huyo anastahiki. Kuhusu kuihamisha zaka kutoka mji mmoja kwenda mwengine, kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi ni kwamba itolewe pale mali ilipo, na wako wanazuoni wengine, wakiwemo Mahanafi, walioruhusu kuipeleka kwa jamaa wenye haja. Mwenye kufuata kauli hiyo asilaumiwe.

Pili, mtu akifariki ughaibuni, arudishwe? Wanazuoni wetu wa Kishafi wameona kwamba maiti azikwe alipofia, ikiwa pana makaburi ya Waislamu, na hawakupenda asafirishwe kwenda mbali. Leo watu huchangishana fedha nyingi kwa ndege na sanduku, na mjane anabaki na kodi ya nyumba asiyoweza kuilipa. Mzikeni huko kwa heshima, na zile fedha wapeni mayatima. Sisi hapa tutamsalia sala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi aliyefia mbali naye.

Tatu, binti aende Ghuba kwa kazi za ndani? Wako waliokwenda wakapata mabosi wema wakajenga. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na ndani yake mna malalamiko ya kunyang'anywa pasi, kufanyishwa kazi kwa saa nyingi, kunyimwa mishahara na hata kudhalilishwa. Mzazi asimwachie mtoto wake kwa wakala asiyemjua. Auone mkataba, ajue jina na simu ya mwajiri, apitie njia za kisheria, na binti abaki na nakala ya pasi yake na namba ya ubalozi. Na asitupe simu yake inapolia usiku wa manane akisema "mama, nirudisheni". Asiambiwe avumilie kwa sababu bati la nyumba bado halijanunuliwa.

Ndugu Waislamu, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, na mamia ya watu wetu wakapotea, hakuna aliyeuliza nani yuko ndani na nani yuko nje. Misiba ile iliingia Maskati na London kama ilivyoingia Wete na Chake Chake. Tulijua siku ile kwamba sisi ni nyumba moja yenye vyumba vilivyo mbali mbali.

Basi aliye nje na aseme, lakini aseme alilolihakikisha, na asichochee moto utakaounguza watoto wa wenzake. Nasi tulio ndani tumsikilize, na tusimuulize mtu uzalendo wake hali ya kuwa tumeshika hati ya nyumba yake. Ijumaa hii, baada ya sala, kila mwenye amana ya aliye mbali na amtafute, amuonyeshe hesabu yake, na waandikiane.

Wabillahi tawfiq.